Macho Hatua Mbili Mbele

Aikaeli aliunyanyua mguu mpya kwa nguvu aliyozoea kuitumia kwa ule wa zamani wa alumini, goti likapanda juu kupita kiasi. Akacheka.

"Mbona kama sijavaa kitu?"

"Ni magnesiamu, dada," Shedrack alijibu. "Imechanganywa na chembechembe za kauri ili iwe imara. Ni nyepesi kuliko alumini, lakini itakubeba."

Shedrack alikuwa fundi wa viungo bandia mjini Moshi, na mguu huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake kutoka karakana yake. Aikaeli alikuwa ameongoza wageni mlimani miaka kumi na mmoja, hadi jiwe lililoporomoka lilipomponda mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo, njia ya mawe inayokatiza kihamba, shamba la familia yao, kati ya migomba na kahawa, ilikuwa imemshinda. Asubuhi hiyo walikuja kuijaribu tena.

Alivaa miwani yenye kamera ndogo, inayorekodi mahali macho yanapotazama. Hatua ya sita akajikwaa kwenye mzizi, akadaka mgomba. Ya tisa, akajikwaa tena.

"Mguu hauna kosa," Shedrack alisema, akafungua kompyuta. Kwenye video, kidoti cha kijani kilichoonyesha macho ya Aikaeli kilikuwa kimeganda kwenye ncha ya kiatu.

"Bado siuamini," Aikaeli alikiri. "Nauchunga."

Wakati huo mama yake, Veronika, alikuwa akipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo mama," Shedrack alisema. "Naomba utuvalie hii miwani hadi zizini."

"Marahaba. Ikivunjika usinidai," alisema Veronika, akaivaa, akapanda zake bila kupunguza mwendo.

Shedrack aliifuata miwani zizini. Katika video ya Veronika kidoti kiliruka jiwe hadi jiwe, kila mara kama hatua mbili mbele. Miguu yake haikuonekana kabisa.

"Unaona?" Shedrack alisema. "Macho yanachagua pa kukanyaga, mwili unajipanga mapema. Ukisubiri kutazama mguu, umeshachelewa."

Aikaeli alirudisha video nyuma, akaitazama tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa akishuka mlimani miaka yote ile, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Akachukua miwani, akasimama mwisho wa juu wa njia, akainua macho.

Jiwe bapa. Mzizi. Udongo mkavu. Alivichagua kwa macho, akatazama mbele, na mguu ukafika wenyewe. Alishuka hadi kwenye mfereji wa kumwagilia, akauvuka kwa hatua moja ndefu, maji yakipita chini yake. Hakusimama. Akaanza kupanda ng'ambo ya pili, akihema, jasho likimtiririka usoni, uso wote ukicheka.

"Dada, inatosha kwa leo," Shedrack aliita, akihangaika kuvuka mfereji na kompyuta mkononi.

"Nifuate," Aikaeli alijibu bila kugeuka. "Kule juu mawe ni makubwa zaidi."