Alama za Patasi

Pale karakana walimwita Mama Msasa, kwa sababu hakuna sanamu iliyotoka mikononi mwake kabla hajaisugua ikalainika kama shavu la mtoto. Alichonga kwa tezo na patasi, basi. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alifanya kazi nyuma ya ukuta wa mabati, na grenda lake la umeme la kulainishia mbao likianza kulia, vumbi lilimfuata Mama Msasa mpaka kwenye kikombe cha chai.

Sanamu moja ya kiboko ilimlia msimu mzima. Alimchonga amesimama, ngozi inateleza kama ndiyo kwanza atoke majini.

Mnunuzi wa hoteli alimpapasa kiboko mgongo, akakunja uso.

"Huyu ni wa mashine, mama."

"Mashine? Tazama mikono yangu, baba!"

"Sugu hata dereva anazo. Wageni wangu wanataka kazi ya mkono. Alama za patasi ziko wapi?"

"Nimezisugua zikaisha! Hiyo ndiyo kazi yenyewe!"

Shemeji, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alirudi nyuma ya mabati yake. Nyundo ikasikika, ko, ko, ko. Punde akaingia na kiboko wake wa grenda, mwili mzima vishimo vibichi vya patasi.

"Na huyu je, bosi?"

Mnunuzi alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Akamchukua.

Gari lilipoondoka, Mama Msasa alimgeukia. "Shemeji, huna haya?"

"Hakuniuliza, nami sikusema. Mtoboe na wako kidogo, shemeji. Kesho bosi anarudi."

Alimfukuza. Lakini alipobaki peke yake alishika patasi. Akapiga kishimo cha kwanza pajani, cha pili, cha tatu, huku meno ameyauma. Kufika ubavuni, mkono ukagoma. Kiboko akabaki nusu laini, nusu kama aliyeugua ndui.

Mumewe alipompitia waende nyumbani, alishangaa. "Huyu kafanywaje?"

"Usiniulize."

Kesho yake mnunuzi alifurahi. "Sasa amekuwa wa mkono! Malizia upande huu, namchukua."

"Hauzwi," alisema Mama Msasa, akamfungulia mlango atoke.

Akaanza kuviondoa vishimo kwa kuvisugua. Paja likakonda, ikabidi alikondeshe na la pili, kisha tumbo, kisha shingo, huku machozi ya hasira yakichanganyika na unga wa mbao usoni. Kiboko bado yuko rafuni, mwembamba kama mbwa asiye na mwenyewe. Mtu akiuliza bei, Mama Msasa anasonya tu.