Sori ya Kitanda cha Tisa

Nikutegee. Nina nguo moja. Mwenye kosa huivaa akiomba asipigwe, jirani huivaa akienda kumwona mfiwa, na mwenye masikio mazito huivaa akitaka aambiwe mara ya pili. Nguo gani hiyo? Usijikune kichwa, wala sitakudai mji. Ni neno la Kiingereza, neno dogo tu, sori, na ukilitazama juu juu utadhani unalijua. Mama Yesi naye alidhani analijua.

Mama Yesi alikuwa mfanya usafi wa wodi ya upasuaji. Jina hilo alipewa na manesi, kwa sababu mgeni yeyote wa ng'ambo akimwambia lolote, yeye hujibu yesi, hata siku ile alipoulizwa kama ni yeye aliyemwaga maji ngazini. Aliwahi kufanya kazi miaka kumi na mmoja nyumbani kwa wageni kama hao, akifua, akipiga pasi na kulea watoto wao, na huko ndiko alikookota Kiingereza chake, neno moja moja, kama mtu anayeokota vifungo sakafuni. Shuleni aliishia darasa la nne. Lakini pale wodini, wenzake walipokuwa na ufagio, yeye alikuwa na ufagio na Kiingereza, na hilo lilimtembeza kifua mbele. Chupa ya dawa ikiwa na maandishi, anaitwa. Barua ikija, anaitwa. Asichokijua alikikisia, na alichokikisia alikisema kwa sauti kubwa kuliko alichokijua.

Sasa, kwenye kitanda cha tisa aliletwa seremala mmoja, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Alikuwa amelivumilia siku nne akilinywea maji ya moto. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa ng'ambo, mwembamba, aliyeinama kila mlango, na wodi nzima ilimwita Daktari Mrefu. Alimbonyeza mgonjwa mara mbili tu akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Mke wa seremala, fundi cherehani, alisomewa fomu ya ridhaa na nesi, naye akatia kidole gumba kwenye wino, akabandika. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mgonjwa, hakuwapo. Seremala alipasuliwa jioni ile, na kesho yake asubuhi, chai ikiwa inagawiwa, akafariki.

Nesi aliyezoea kutafsiri alikuwa ameitwa mbio kitanda cha pili, kulikokuwa na mgonjwa anavuja damu. Daktari Mrefu akabaki amesimama na mjane mbele ya shuka jeupe, anatafuta kwa macho mtu wa kumsaidia. Mama Yesi hakusubiri kuitwa. Aliegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye aproni, akajisogeza.

Daktari alimshika mjane mkono. Akasema maneno machache, kwa sauti ya chini, na la mwisho lilikuwa sori. Akalirudia. Sori.

Mjane akamgeukia Mama Yesi.

Katika maneno yote yale, Mama Yesi alikuwa amelidaka moja tu. Na hilo aliliona jepesi. Mtu akikukanyaga kwenye foleni anakwambia sori. Akikuvunjia kikombe, sori. Mitaani kote watu wanalitumia, wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji, na hakuna anayelitoa kinywani bila kuwa na kosa. Ila neno moja lilionekana dogo mno kwa kifo kikubwa namna ile, na mjane alikuwa anamtazama mdomo, anangoja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walikuwa wameinua vichwa. Basi Mama Yesi akalitia chumvi.

"Daktari anakuomba umsamehe," akasema. "Anasema amekosa. Anasema mkono uliteleza."

Huo mkono ulioteleza ulitoka wapi, hata yeye hakujua. Ulitoka tu, kama chafya. Mjane hakulia. Alichomoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwa daktari, akautazama, kisha akaufuta kwenye gauni lake.

Maneno yakaanza kutembea. Shemeji mtu alipofika alikuwa ameshayasikia getini. Aliwaka. Akaandika barua ya malalamiko, akaipeleka kwa mganga mkuu. Daktari Mrefu alipoulizwa alisema hakutamka jambo kama hilo, kwamba utumbo ulikuwa umeshatoboka kabla mgonjwa hajavuka mlango wa hospitali. Shemeji akajibu kwamba aliyekiri jana akikana leo haachi kuwa amekiri, na shahidi yupo. Ikapangwa kamati ikae Alhamisi. Mpaka hapo Daktari Mrefu asishike kisu, na kamati ikimkuta na kosa, arudishwe kwao. Mwingine wa kupasua hakuwapo. Wagonjwa waliokuwa wamepangiwa wiki ile waliambiwa wangoje, wakawa wanakaa kwenye benchi la nje na vifurushi vyao magotini, hawajui warudi nyumbani au wakae.

Sista mkuu alimwita Mama Yesi kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

Alimuuliza kwa upole. Alimwambia yeye amefanya kazi na daktari yule miaka mitatu na habari hii haimwingii akilini. Daktari alisema sori tu, au alisema na mengine?

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, mjukuu wangu unayenisikiliza. Angesema tu, Sista, nilisikia sori, mengine nilikisia. Lakini angesemaje? Miaka yote ya kuitwa kusoma chupa, miaka yote ya kifua mbele, aje kusimama katikati ya mashuka aseme alikisia?

"Na mengine, Sista. Kwa masikio yangu haya."

"Una hakika?"

"Yesi," akasema, na jibu lenyewe likamwasha ulimi.

Siku iliyofuata mjane alikuja kufuata karatasi ya kifo. Alimkuta Mama Yesi anadeki korido, akamsimamia pembeni ya ndoo. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Alisema mashemeji zake wamemkalia kikao. Wanasema daktari alikosa, sawa, lakini nani alimkabidhi ndugu yao kwa mkosaji? Nani alibandika kidole kabla hata kaka mtu hajafika?

"Dada, nakuomba," akasema. "Alisema nini hasa? Si kwa maneno yako. Kwa maneno yake."

Mama Yesi akamwambia aangalie, hapo sakafu ina maji, asije akaanguka. Akasukuma ndoo kwa mguu, akaendelea na kazi hadi mwisho wa korido, bila kugeuka. Aliposikia viatu vya mjane vinashuka ngazi ndipo alipopumua.

Jumanne alikwenda kudeki ofisi ya Daktari Mrefu. Tangu azuiwe kushika kisu, daktari alishinda humo ndani anapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Mama Yesi aliingia kwa kunyata, ameinamisha macho kama mwizi aliyerudi kuchukua ngazi yake. Alipochuchumaa kufuta chini ya meza, goti la kushoto likalia kwa kishindo, kama mtu amevunja ukuni, na yeye akaguna.

Daktari aliinua kichwa. Alimtazama goti, akakunja uso kama vile maumivu ni yake.

"Sori," akasema.

Mama Yesi alibaki kachuchumaa, tambara mkononi. Goti lile lilimharibikia alipokuwa kijana, alipoanguka na karai la nguo, kabla huyu hajazaliwa. Halikuguswa na daktari yeyote. Sasa sori ya nini? Mkono umeteleza wapi?

Alitoka humo ndani bila kumaliza kudeki.

Nyumbani alikuwa na mjukuu wa kike, yuko sekondari, ulimi kama wembe. Walikuwa wanakunja nguo alasiri hiyo, bibi shuka upande huu, mjukuu upande ule. Mama Yesi akajitia hamnazo, akauliza kana kwamba anapitisha muda, sori maana yake nini.

"Samahani," akasema mjukuu. "Si unajua, bibi? Wewe ndiye mwenye Kiingereza humu ndani."

"Hiyo najua. Nauliza kama ina nyingine."

"Zipo. Usiposikia ulichoambiwa unasema sori, urudiwe. Ukitaka kumkatalia mtu unaanza na sori. Na pole, ni hiyo hiyo."

Shuka likalegea upande wa bibi. "Pole ina neno lake."

"Haina. Wenyewe hawana pole, bibi. Wanaibeba kwenye sori."

"Mtu akijikwaa je?"

"Sori."

"Hata kama hukumsukuma?"

"Hata kama ulikuwa ng'ambo ya barabara."

Mama Yesi alishika ncha mbili za shuka, hazikutani. "Na akifiwa," akauliza. "Mfiwa anaambiwaje?"

"Sori. Utamwambiaje tena?" Kisha mjukuu akacheka, akamuuliza hao wageni aliokaa nao miaka kumi na mmoja walikuwa hawafiwi, au alikuwa anawajibu yesi tu.

Siku nyingine angemchapa na ncha ya shuka, wakacheka wote. Siku hiyo alikaa chini, juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. Alikumbuka mama wa nyumba ile alipopokea habari za kifo cha baba yake, na mgeni aliyepiga hodi na maua, na neno alilolisema pale mlangoni. Alikuwepo. Yeye ndiye aliyefungua mlango. Alilisikia, na miaka yote hiyo hakujisumbua kujiuliza yule mgeni alikuwa amekosa nini.

Aibu ni kitu cha ajabu. Hakuna aliyekuwa amemjua bado, na tayari alijiona yu uchi. Alipofika kazini Jumatano, kila aliyemwita Mama Yesi alimwona anamzomea. Akajaribu kujitetea kichwani: hakukusudia, nesi alikuwa wapi, kamati ina wasomi, wataligundua wenyewe. Utetezi wote ulisimama vizuri mpaka ulipofika stoo ya mashuka, hapo ukaanguka. Kule kitandani alikosea kwa kutojua. Stoo aliulizwa kwa upole, mlango umefungwa, akasema uongo kwa kujua kabisa. Na kutoka dirishani aliliona lile benchi la nje, na mzee mmoja amelala juu ya kifurushi chake, mkono juu ya tumbo.

Saa za kazi zilipokwisha hakwenda kwake. Aliuliza njia ya kwenda kwa mjane, yule fundi cherehani.

Kilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye mlango wa mbao nzuri, kazi ya marehemu. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, na vitambaa vya wateja vilirundikana juu yake, kila kimoja na karatasi ya vipimo. Mjane alikuwa ameketi mkekani. Shemeji alikuwa kwenye kiti, amevaa miwani, anapitia karatasi za kesho.

Shemeji alifurahi kumwona, alisimama kabisa. Akamwambia shemejiye amtazame huyu mama, huyu ndiye nguzo yao, Kiingereza kwake ni maji ya kunywa. Akamvutia kiti. Akamwambia kesho asiogope wale wakubwa, aseme tu kama alivyosema.

Mama Yesi alikaa. Akasifu mlango. Akauliza watoto wako wapi, akaambiwa wako kwa shangazi yao. Akasema jua limekuwa kali siku hizi. Mjane alimletea maji, akayanywa yote, akairudisha glasi.

"Hushoni?" akauliza mwishowe.

Mjane akasema hawezi. Kila akishika uzi anakiona hiki. Akanyoosha kidole gumba. Wino ulikwisha toka, lakini ngozi ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa, na pembeni ya ukucha imechunika.

"Nimekiosha kwa sabuni, nikakiosha kwa majivu," akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka. Aliniambia, mke wangu, tungoje kaka aje. Nikasema hapana."

Shemeji akageuza karatasi.

Mama Yesi alitamani sakafu ifunguke. Aliutazama mlango ule mzuri, uko hatua nne tu, na goti lake bovu lingeweza hatua nne. Angeaga, angesema tutaonana kesho. Mjane alikuwa amemkazia macho, kama siku ile mbele ya shuka jeupe, anamtazama mdomo.

"Dada, sikukuuliza ili kukusumbua," mjane akasema. "Nataka nijue tu, nikae nalo. Alisema nini?"

Shemeji akavua miwani. Mama Yesi akashuka kwenye kiti, akakaa chini mkekani, goti likalia, naye hakuguna.

"Alisema pole," akajibu. "Alikushika mkono akasema pole, mara mbili. Hakusema amekosa. Mkono ulioteleza ni wa kwangu, niliutunga mimi, kwa sababu sikujua Kiingereza na nilikuwa naona haya kusema sijui."