Dhambi Niliyoichagua

Mimi Methusela sijaonja pombe tangu nizaliwe. Nalisema hili mapema, kwa sababu wazee wa kanisa letu, huku upande wa Mpwapwa, wameniandika mlevi, na mwenye kosa ni mimi.

Enzi hizo za Mwingereza nilifundisha watoto kusoma, wala sikutetemeka. Kisha Mzee Nikodemo, mmoja wa wazee hao, akanipa somo la Jumapili nilisome mbele ya kanisa, padri Mzungu akiwepo. Nikisoma vizuri, ningepelekwa chuoni. Siku yenyewe nikafungua kitabu, moyo ukaanza kunienda mbio, kizunguzungu kikanishika, sakafu ikawa kama inainuka upande mmoja. Nikapepesuka, nikaanguka pamoja na meza ya kusomea.

Baada ya ibada nikaitwa barazani mbele ya wazee.

"Mwalimu, umelewa?" akauliza Nikodemo.

Ningejibu nini? Kwamba mwanamume mzima, tena mwenye mke, anaogopa macho ya watu mpaka dunia inamzunguka? Wangenicheka hadi minadani. Mlevi hutengwa miezi mitatu, akatubu, akarudi. Mwoga anatubu nini?

"Nimelewa, mzee. Nisameheni." Nikajiona mjanja, mpumbavu mimi.

"Pombe ya nani?"

Hilo sikulifikiria. Kwetu mpishi wa pombe huadhibiwa zaidi kuliko mnywaji. Likanitoka jina la mtu pekee niliyewahi kumwona akipika, zamani, kabla hajabatizwa.

"Ya mama."

Maji yalikwisha kumwagika. Mama yangu, Hana, mjane, akaitwa. Akasimama mlangoni akinitazama nilivyoushikilia ukuta kwa mikono miwili, jasho likinitiririka. Niliomba akane. Nilitaka anifichue mbele ya wote.

"Hana, ulimpikia mwanao pombe?"

"Ni mimi, mzee. Mtoto msimpige sana."

Wakamtenga mwaka mzima. Njiani hakuniuliza neno, akanishika tu mkono nisianguke. Aibu ile sijui niiseme vipi.

Miezi mitatu ikaisha, nikarudishwa mezani pa Bwana. Mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje, akakaa chini pamoja na wasiobatizwa. Nikodemo akanisimamisha mbele ya kanisa.

"Mwalimu, una neno lolote la kuungama kabla hatujakupokea?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua mama anasikia.

"Sina, mzee," nikasema.