Bibi Asiyelia

"Mutoto wako amefanya mama yangu muongo mbele ya batu ba Mbarara," Byamungu alisema, mkono juu ya uzio. "Jumapili asimame kanisani, aseme alikosea."

"Alisema igizo, hakusema mama yako," Nathalie akajibu huku akipeta maharage. "Ama unataka kupigiwa makofi tu? Basi ungeigiza mbele ya mbuzi."

Majirani wakacheka. Ndani, nyuma ya pazia, binti yake Eliane alisikia yote. Alikuwa mwaka wa pili wa fasihi chuoni huko Mbarara. Mwalimu wake aliwataka wanafunzi wasome uhakiki wao ukumbini, watu wakisikia. Mhakiki anayemkimbia aliyemhakiki, alisema, ni msengenyaji tu. Eliane akachagua igizo aliloandika jirani yao Byamungu, lililochezwa na vijana wa kanisa hapa kambini Nakivale: bibi anamzika mwanawe njiani wakikimbia kutoka Kivu, na hatoi chozi. "Bibi huyu haaminiki," alisoma. "Amechongwa kama mti." Mtu akarekodi, na sauti ikafika Nakivale kwa WhatsApp kabla gari la kumrudisha nyumbani halijatoka stendi.

Nakivale watu hawaulizani habari za njiani. Ndiyo maana Eliane hakujua kwamba bibi huyo ni Mama Perpétue, mama wa Byamungu, aliyewapa moto na chumvi siku yeye na mama yake walipofika.

Akiyafuta maneno yake kanisani, Mbarara atahakiki kwa uso gani? Asipoyafuta, mama yake ataishi vipi na jirani wa uzio huu? Akachukua daftari, akavuka uzio. Byamungu akamfuata.

Mama Perpétue alikuwa nje, mlangoni pa jiko, akisonga bugali. "Soma," alisema.

Eliane akasoma. Alipofika penye maneno ya mti alitamani kuyaruka. Hakuyaruka.

Mama Perpétue akachomoa mwiko, akauweka juu ya kifuniko.

"Nililia," alisema. "Nililia ku muto, nikienda kuchota maji. Huyu Byamungu alikuwa na miaka saba, sikutaka aone. Aliandika kile aliona."

Byamungu akaketi kizingitini.

"Sasa nifute, mama?" Eliane akauliza.

"Ufute nini? Jumapili utaisoma vilevile. Na Byamungu ataandika ya ku muto."

"Watu wakikasirika?"

"Batakasirika." Akainua sufuria. "Byamungu, toka mlangoni, dada yako apite. Eliane, ingia tukule, bugali inapoa."