Kamera Kwenye Meza ya Mavuno

Mzee Ebenezeri alikuwa haoni vizuri, na siri hiyo aliilinda kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Mtu mwingine angesema mapema, akapelekwa hospitali, mambo yakaisha. Lakini huyu alikuwa mpiga picha. Miaka mingi alikuwa na studio yake Njoro, pale Moshi mjini, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na nusu ya maharusi wa kwao Kirua Vunjo walisimama mbele ya pazia lile huku yeye akiwafokea wasicheke ovyo. Mpiga picha asiyeona ni kichekesho, na Ebenezeri hakuwa mtu wa kukubali kuchekwa.

Basi akawa anadanganya, na alidanganya kwa ufundi. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo wa viatu vyao. Njia za kihambani, kati ya migomba na mibuni, aliziachia miguu. Akiletewa gazeti alisema hana muda wa kusoma porojo. Aliamini kabisa kwamba hata mkewe, Mama Eunike, waliyekaa naye nyumba moja na kula naye chungu kimoja, hajashtukia. Wanaume wana imani kubwa sana katika mambo kama haya.

Ndipo Jumamosi moja asubuhi binti yao Eunike akapanda kutoka mjini na kamera mbili begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umebeba mawe?"

"Nimekuletea kazi, baba. Leo utanisaidia kuchagua."

Eunike alikuwa amerithi kazi ya baba yake. Alipiga picha za pasipoti huko huko Njoro, na za ubatizo na harusi pale alipoitwa, lakini kamera ilikuwa ya kuazima, na mwenye kamera akiwa na shughuli yake Eunike hubaki ameshika simu tu. Sasa alikuwa amejinyima mpaka akapata fedha ya kununua kamera moja. Jesse, kijana anayeuza kamera zilizotumika pale mjini, alimwamini akampa mbili azijaribu hadi Jumatatu.

"Jesse anasema zote ni za mtu anayeanza," Eunike alisema, akizitoa juu ya meza ya barazani. "Zote lenzi zinabadilishwa, na bei zinakaribiana. Mimi nimechanganyikiwa. Nimemwambia silipi mpaka baba aziangalie."

Maneno hayo yalimfurahisha Ebenezeri, kisha yakamtia hofu. Fedha ya binti ilitosha kamera moja tu. Akinunua isiyomfaa, ataishi nayo, tena ataishi nayo vibaya. Na aliyekuwa anaulizwa ni mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amelisalimia koti lililotundikwa mlangoni, akidhani ni mtu.

Alianza na ile kubwa. Mikono yake iliijua mara moja. Ilikuwa nzito, ya aina ya zamani yenye kioo ndani, na mshikio wake ulijaa kiganjani. Alipobonyeza ilisema *klak*, sauti iliyomlisha na kumsomeshea watoto. Akaweka jicho kwenye kitundu akaelekeza mgombani. Aliona weupe wa maziwa na kitu cha kijani kinachoelea.

"Safi sana," alisema.

"Unaona yule ndege?"

"Sasa nisimwone vipi? Mkubwa vile."

Alikuwa chozi, ndege asiyezidi kidole gumba, anafyonza ua la mgomba. Eunike alimtazama baba yake kidogo, kisha akaichukua kamera, akavuta lenzi yake ndefu na kupiga. Picha ilitoka imenasa hadi mdomo uliopinda.

"Kwa ndege na wanyama hii ni kiboko," alisema. "Na Jesse anasema betri yake inamaliza harusi nzima. Hebu sasa jaribu hii nyingine."

Ile nyingine ilikuwa ndogo, haina kioo ndani, na haikutoa sauti hata chembe. Ebenezeri aliipima mkononi, akaigeuza, akairudisha mezani bila kuisogeza karibu na uso wake.

"Hii ni kopo la majani ya chai," alisema.

"Baba, hata hujachungulia."

"Nichungulie nini? Kamera isiyolia utajuaje kama imepiga?"

Eunike akaichukua. Aliingia nayo jikoni, ambako mama yake alikuwa anapika machalari ya ndizi na mwanga pekee ulikuwa wa moto wa kuni na kidirisha. Akapiga bila flashi. Alirudi na picha ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, ilionyesha mvuke, mwiko na kila mkunjo wa mikono ya mama. "Betri inaisha haraka, hilo kweli," alisema. "Lakini kazi zangu nyingi ni za ndani, baba. Kanisani, vyumbani, kwenye maturubai. Moyo wangu unaielekea hii ila naogopa. Wewe umefanya kazi hii maisha yako yote. Nichukue ipi?"

Hapo ndipo mzee alipaswa kusema ukweli. Ukweli ulimfika mdomoni kabisa, akaumeza.

"Kubwa," alisema.

"Basi nimekuelewa. Jumatatu namlipa Jesse ya kubwa."

Usiku huo Ebenezeri hakula vizuri. Alijua alichokifanya: alikuwa amechagua kwa vidole, na aliyemwamini ni mtoto wake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Katika usharika wao, siku ya mavuno kila nyumba huleta ilichojaliwa: mikungu ya ndizi, kahawa, mayai, maparachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Vyote huwekwa kwenye meza kubwa nje ya kanisa, na baada ya ibada hupigwa mnada kwa kazi ya Bwana. Mnada wenyewe una raha yake. Mtu hununua tenga la mayai akalirudisha mezani liuzwe tena, na jogoo mmoja anaweza kubadilisha wenyewe mara kadhaa kabla hajajua atalala kwa nani.

Eunike aliingia kupiga picha za ibada na ile kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyochaguliwa. Ile ndogo aliitia kwenye mfuko wake wa kitambaa, akamkabidhi baba yake. Wakati wa sala ya toba kamera kubwa ikasema *klak*, vichwa vikageuka. Ikasema tena, mchungaji akafumbua jicho moja. Eunike akaacha kupiga, akakaa. Ebenezeri alisikia yote hayo kutoka kwenye benchi lake, na kila *klak* ilimchoma.

Ibada ilipoisha alitoka nje na mfuko mkononi. Watu walimzunguka kumwamkia, shikamoo huku na shikamoo kule, na mzee mwenye adabu hupokea salamu kwa mikono miwili. Kushoto kwa mlango, miaka yote, hukaa meza ya kwaya ambapo watu huweka mikoba yao. Aliona weupe wa kitambaa cha meza upande wa kushoto, akaweka mfuko wake pale, akaendelea kusalimiana. Hakujua kwamba mwaka huu, kwa sababu ya matope, wazee wa kanisa walikuwa wamezibadilisha meza, ya mavuno ikaja kushoto. Mfuko wa Eunike ulikaa kati ya maparachichi na tenga la mayai.

Mnadishaji alikuwa Eliudi, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha waliolala ng'ambo ya bonde. Aliuza ndizi, akauza kahawa, akamuuza jogoo na kumuuza tena. Kisha akafungua mfuko.

"Wapendwa!" alipaza sauti. "Njooni muone sadaka! Kamera! Mfuko nimemwona nao Mzee Ebenezeri asubuhi. Mpiga picha wetu ametoa chombo cha kazi yake kwa Bwana! Aika, asante mzee wetu, aika sana!"

Vigelegele vikapigwa. Akina mama wakaanza wimbo. Ebenezeri akasimama pale pale.

Eunike alimfikia akikimbia. "Baba, umeitoa?" alinong'ona. "Baba, ile ni mali ya Jesse!"

Angejibu nini? Kusema amekosea meza ni kusema hakuiona meza, na meza yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kitanda. Watu wote wa Kirua walikuwa pale, wakiwemo wale aliowafokea mbele ya pazia.

"Subiri kwanza," alisema.

"Nisubiri nini?"

Mnada haukusubiri. Elifuraha, aliyekuja kwa mavuno kutoka Dar na suti yake, alitaja bei. Mwingine akaongeza. Elifuraha akaongeza tena, anacheka, maana mtu wa Dar akirudi nyumbani hapendi kushindwa mbele ya shangazi zake.

"Ya kwanza!" Eliudi aliita. "Nani anamzidi Elifuraha? Ya pili!"

Ebenezeri hakuuona uso wa binti yake, lakini alimsikia. Alikuwa analia kimya kimya, pumzi zinakatika, vile alivyokuwa akilia utotoni alipotaka asisikike. Kama ingeuzwa, fedha yake yote ingekwenda kumlipa Jesse kwa kamera aliyoibeba mwingine, na ya kumlipia ile kubwa isingekuwepo. Angerudi kwenye kuazima. Mzee akaona aibu nyingine, kubwa kuliko ile aliyokuwa anaikimbia.

"Eliudi, simama!" alipaza sauti.

Eliudi akaacha kuita.

"Sikuitoa hiyo kamera. Nimekosea meza." Akageukia sauti zilikokuwa. "Sikuiona meza. Sioni, jamani. Macho yana ukungu, ni muda mrefu sasa. Jana binti yangu kaniuliza achague kamera gani, nikamjibu na wakati sikuona chochote. Nilimdanganya. Eunike, nisamehe mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa ameusubiri mcheko ule kwa muda mrefu sana hivi kwamba ulipokosa kuja alibaki hajui afanye nini na mikono yake. Alichosikia ni mkono wa Eunike ukiingia katika wake na kuubana.

Eliudi akakohoa. "Mzee, kamera yako utapewa. Lakini desturi unaijua. Kilichokaa kwenye meza ya Bwana hakiondoki bila mbadala. Utatoa nini?"

"Sina jogoo leo."

"Toa picha!" mtu alisema, ikasikika ni sauti ya mchungaji. "Picha moja iliyopigwa na Mzee Ebenezeri. Tuipige mnada."

Watu wakashangilia. Ebenezeri alitaka kuwaambia kwamba ndiyo kwanza amewaeleza kuwa haoni, kwani hawakusikia? Elifuraha alikuwa ameshafungua mdomo kutaja bei. Lakini sauti moja ilimtangulia.

"Naweka ndama wangu," alisema Mama Eunike.

Kila mtu pale alimjua yule ndama, na alivyotunzwa. Eliudi akasahau hata kuhesabu.

"Picha za watu wote wa hapa amepiga," mama aliendelea, anasogea mbele na kitenge chake cha mavuno. "Mimi tangu tuoane alikuwa ananiambia, wewe nitakupiga kesho. Basi leo nanunua."

Hakuna aliyethubutu kuongeza juu ya ndama. Hata Elifuraha akafunga mdomo.

Ebenezeri akapewa kamera ndogo. "Nitapigaje?" alimwuliza Eunike kwa sauti ya chini.

"Weka jicho, baba. Hapa hakuna kioo. Humu ndani kuna skrini. Ngoja nikuongezee mwanga. Sasa zungusha hii pete ya lenzi taratibu."

Akaweka jicho. Kwanza ulikuwa mwanga mtupu, akataka kuondoa uso. Akazungusha. Ndani ya kitundu palikuwa na kitu kinachong'aa kuliko uwanja wenyewe, na kila mahali lenzi ilipolenga sawasawa pakazuka vistari vyekundu. Vistari vilipita kwenye kilemba cha mkewe, vikashuka kwenye paji la uso, vikatulia kwenye kope. Eunike akabonyeza mahali, uso ukaja karibu, ukajaza kitundu chote. Ukungu ulikuwepo bado, lakini nyuma yake alikuwepo mtu.

Nyusi zilikuwa nyeupe. Mashavu yaliyokuwa yamejaa yalikuwa yameshuka. Kulikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo hakulijua, wala hakujua lilipatikana siku gani. Alikuwa amelala kando ya uso huu kila usiku. Mzee akalia, na machozi yakalowesha kitundu, ikabidi Eunike apanguse kwa ncha ya kitenge cha mama.

"Umezeeka lini?" aliuliza, jicho likirudi kitunduni.

"Wakati ule unasema unaona," mkewe alijibu, na akacheka, na mpiga picha hakumfokea. Akapiga.

Eunike alisubiri watu warudi kwenye maparachichi. Kisha akamwuliza tena, polepole, aliyoyauliza jana. "Sasa baba, nichukue ipi?"

"Ile kubwa ni kamera nzuri," alisema. "Ingekuwa unafuata ndege msituni ningekuambia uiuzie hata shamba. Lakini wewe kazi yako ni nyuso, tena ndani ya nyumba. Chukua hii. Na safari hii nimeangalia."

"Nitaichukua."

"Na kesho ukishuka mjini kwa Jesse, nishuke na wewe. Kuna wanaosafisha macho hospitali. Wanasema ni kazi ya siku chache, unafungwa bandeji, unafunguliwa."

Mama Eunike alikuwa amesimama kando, mawazo yake yako kwa ndama wake, maana Eliudi alikuwa ameanza kuuliza ataletwa lini. "Na mimi nibaki na ng'ombe, siyo?" alisema.

"Hapana," Ebenezeri alimjibu. "Wewe uje. Siku wanafungua bandeji, nataka wewe ndiye usimame mbele."