Shupatu la Tunu

Katika nchi ya Vilevile, ambayo mji wake mkuu ni Ganzini, mauti yalipobisha hodi hayakuchukua roho moja tu; yaliisimamisha nyumba nzima. Kazi yoyote ambayo marehemu hakuwahi kuimaliza ilifungwa uzi mweupe na kuwekwa sandukuni, isiguswe milele, na wafiwa waliapa mbele ya Kadhi kubaki kama walivyokuwa siku ya msiba. Hali hiyo wenyewe waliiita uaminifu, wakajifaharisha nayo mbele ya mataifa. Aliyethubutu kufungua uzi alipewa adhabu mbili: kazi ile itiwe motoni, na jina la marehemu lisitamkwe tena na kinywa chochote.

Ndiyo maana asubuhi ile Bi Ahueni alisimama mbele ya Kadhi Jabali. Jiko la mkaa lilikuwa limekwisha kukolea mbele yake, na kifuani alikumbatia shupatu, ukanda wa ukindu unaosukwa ili baadaye ushonwe mkeka. Binti yake, Tunu, alilisuka hadi dhiraa tatu, homa ikamchukua. Sasa lilikuwa dhiraa tisa.

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili!" alisema jirani yake, Bi Chongelezo. "Anarowesha ukindu uani, tena anaimba! Mtu kafiwa, anaimba!"

"Niliimba vibaya, shoga," akajibu Bi Ahueni. "Na hilo ungelisema."

Watu wakacheka, kisha wakayaona makaa, wakanyamaza.

"Mama, ulikula kiapo?" akauliza Kadhi.

"Nilikula, Bwana Kadhi."

"Basi nini kilichokutuma ukivunje?"

Mwaka mzima Bi Ahueni alikuwa ameketi kando ya sanduku la Tunu, asithubutu hata kuhamisha kiti. Siku moja aliinua mfuniko ili anuse tu harufu ya mwanawe, na jani moja la shupatu likakatika kwa pumzi yake tu.

"Ukindu usiporoweshwa hukatika," alisema. "Nilidhani namlinda mwanangu, kumbe namwacha avunjike. Mimi kusuka sikujua, Bwana Kadhi. Nilikuwa nikimcheka, nikimwambia ana kazi ya vikongwe. Nimejifunza kwa kufumua na kurudia, mpaka nikajua kila jani alilipitisha wapi. Tazama mwenyewe."

Akalikunjua sakafuni. Dhiraa tatu za Tunu zilikuwa zimenyooka. Zilizofuata zilipinda ovyo, kama njia ya mlevi. Kisha, shibiri kwa shibiri, zilianza kunyooka, na katika dhiraa ya mwisho lilichomoza ua ambalo Tunu hakuwahi kulisuka.

Kadhi alilitazama ua lile kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono, na askari akalikusanya shupatu, akapiga hatua kuelekea kwenye lile jiko la mkaa.

"Kabla ya moto," Bi Ahueni akasema, "fungua sanduku lako. Kilichomo kikiwa kama ulivyokiweka, nitalichoma mwenyewe, na jina la mwanangu sitalitaja hadi nife."

Kila mtu alijua kwamba marehemu Bi Staha, mkewe Kadhi, aliacha kofia ya viua aliyokuwa akimshonea mumewe, miaka ishirini iliyopita. Kadhi hakuweza kukataa, kwani sheria yote ilisimama juu ya masanduku yale. Sanduku likaletwa. Kadhi alipoinua mfuniko, uzi mweupe ulikuwa bado umefungwa barabara. Lakini kofia uliyoifunga ilikuwa imeliwa na nondo.

"Imetoboka," alisema Kadhi kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Yote imetoboka."

Bi Chongelezo alijishika kifua. Naye alikuwa na sanduku nyumbani.

"Kofia ya viua haishonwi bila matundu, Bwana Kadhi," alisema Bi Ahueni. "Yazungushie uzi."

"Sijui kushona."

"Nami sikujua kusuka."

Askari alisimama na shupatu mikononi, akingoja neno. Kadhi hakumtazama. Bi Chongelezo akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akampa Kadhi. Kadhi akaufungua ule uzi mweupe, akaulowesha kwa ulimi, akajaribu kuutunga. Ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa.

Mara ya tatu ukaingia.