Wufa za Kingori

Kingori alipoteza meno mawili Jumamosi moja sokoni Kutus. Alirudi nyumbani Nyeri mdomo umevimba na shati limeganda damu, lakini hakumwambia mkewe Wacera kwamba amepigwa. Alimwambia kwamba spika zake ni ndogo.

Ndivyo walivyokuwa wenye pikapu za viazi mwaka ule wa 1988. Wakishashusha mizigo Kutus, waliegesha magari yao safu moja mbele ya baa, wakafungua milango yote, kila mtu akatia kaseti yake na kufungulia sauti hadi mwisho. Ambaye besi yake ilitingisha vioo vya baa alikunywa siku nzima bure. Watu wazima hao, wenye wake na watoto, wanaotoa sadaka kanisani! Jumamosi hiyo Wamae wa Kerugoya alikuja na spika kubwa za besi, zile mafundi huziita wufa, akatingisha vioo, akatingisha meza, akatingisha hata matumbo ya watu. Za Kingori zikasikika kama mbu. Wamae akacheka, Kingori akampasulia chupa kichwani, na ndugu za Wamae wakamlaza Kingori kwenye matope wakamkanyaga mdomo kwa zamu.

"Si ungewachana na wao tu," Wacera alisema akimkanda kwa maji ya chumvi.

Kofi lilimpeleka hadi kwenye jiko. Alikuwa ameliona likija. Kingori hakujua kupiga bila kwanza kuvuta mkono nyuma kabisa, na kwa miaka minne ya ndoa Wacera alikuwa amejifunza kuutumia muda huo mdogo kufunika uso au kumweka mtoto chini.

Mtoto mwenyewe aliitwa Warigia, miezi tisa, na jina alipewa la mama yake Kingori, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo Kingori alimwita "mama" na kumbusu kichwani mbele ya wageni. Ila kifua cha Warigia kilikuwa kibovu. Mwezi wa sita Kingori aliwapa rafiki zake wawili lifti, nafasi ya mbele ikajaa, Wacera akatoka Timau na mtoto juu ya magunia, nyuma ya pikapu, upepo wa mlimani ukiwapiga njia nzima. Siku ya tatu Warigia alikuwa hospitalini na nimonia, midomo imekuwa ya bluu. Sista wa wodi, mwanamke asiyejua kupakapaka maneno mafuta, alimwambia Wacera, "Baridi kama hiyo ikimpata huyu tena, usiniletee mimi. Mpeleke kwa padri."

Kubaki nyumbani Wacera hakuweza. Yeye ndiye aliyenunua viazi. Wanawake wa Timau walimjua tangu alipozaliwa, naye Kingori kila alipojaribu kupatana bei aliishia kumkunja mtu shati. Na mtoto bado alikuwa akinyonya. Basi ile nafasi ya mbele, upande wa kushoto, kioo kikiwa kimefungwa, ndiyo iliyokuwa ikimweka Warigia hai. Hakuna siku Wacera aliingia ndani ya pikapu ile bila kulikumbuka hilo.

Jumatano iliyofuata, saa tatu asubuhi, alimfunga mtoto mgongoni akaenda gereji ya Khisa, ambako mumewe alimwambia wakutane waende Timau. Khisa alikuwa fundi wa redio za magari, mtu wa Kimilili, mpole, mwenye penseli sikioni. Wacera alifungua mlango wa kushoto akasimama pale pale.

Kiti chote kilikuwa kimeng'olewa na kufungwa upya mbele zaidi, karibu kigusane na dashibodi. Nyuma yake lilisimama kasha la plaiwudi lililoziba kioo cha nyuma hadi darini, na ndani ya kasha wufa mbili, kila moja kubwa kuliko sufuria ya ugali. Katikati, pale mtu wa tatu alipokuwa akiweka miguu, amplifaya ilikuwa imefungwa kwa bolti nne. Pikapu ya watu watatu ilikuwa imebaki ya watu wawili.

"Fundi, hii kiti imefanywa nini?"

Khisa alikuja akifuta mikono. Alimtazama Wacera, akamtazama mtoto, uso ukamshuka.

"Kumbe iko mama na mtoto," alisema. "Nilimwambia nyuma ya kiti iko inchi sita tu, na boksi ya wufa ya kumi na mbili inataka kumi na nne. Nikamwambia tuweke moja ndogo chini ya kiti. Akakataa. Na mimi sikatangi mbao kabla watu wa gari hawajakaa ndani wote nikawapima magoti. Nikamuuliza, nani hukaa hapa? Akaleta Muriithi. Akaniapia ati ni wao wawili tu."

Wacera aliinama akaona alama za chaki kwenye dashibodi. Mbili mbele ya usukani, za magoti ya Kingori. Mbili upande wa kushoto, za magoti ya Muriithi, kijana wa maneno mengi ambaye kazi yake ingekuwa kubadilisha kaseti. Hasira ilimpanda Wacera hadi macho yakaingia giza. Alikuwa amevumilia makofi, alikuwa amevumilia kuitwa mbwa mbele ya wanunuzi, lakini mtu kukaa pale na chaki, kupimiwa magoti, kuulizwa ni nani mwingine, na kujibu hakuna!

Kingori alitokea nyuma ya gereji akimeza andazi. "Mama Warigia, leo utapanda nyuma. Nimekutafutia gunia ya kujifunika."

"Na mtoto?"

"Si ako na shali."

"Baba Warigia, ulisikia vile sista alisema. Wewe unamwita mama. Utaweka mama yako kwa upepo?"

"Usinianze hapa mbele ya watu."

Wacera alimfungua Warigia mgongoni akampa Benter, mwanamke mwembamba aliyeuza uji mlangoni mwa gereji. Kisha akaingia kwenye pikapu, akakaa penye chaki za Muriithi, akafunga mlango na kushika mpini wa dashibodi kwa mikono miwili.

"Toka kwa gari."

"Sitoki."

Kingori alifungua mlango akamshika nywele. Akavuta, kitambaa kikatoka, kifungu cha nywele kikatoka, Wacera hakutoka. Akampiga ngumi ya sikio. Akavuta mkono nyuma, akampiga ya shavu, na damu ikaruka kwenye kioo. Benter alipiga kelele, "Yawa! Ataua mtu!" Khisa alimshika Kingori bega, akasukumwa hadi kwenye rundo la mufla, mabomba ya moshi ya magari. Kingori akaanza kumpiga Wacera mateke ya miguu, kwa kiatu cha mvua chenye soli ngumu, na Wacera akasikia kitu kikilia kwenye kifundo cha mguu. Hakuachia mpini. Alikuwa akisema kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo, "Sitoki. Sitoki."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mmoja akacheka. Kingori hakuweza kustahimili kuchekwa. Ndiko meno yake yalikokwenda.

"Sawa," akasema akihema. "Kaa. Hii maneno tutamaliza nyumbani."

Akausukuma mlango wa Wacera ukafunga, akazunguka, akajipenyeza nyuma ya usukani. Alikuwa mrefu. Magoti yakakwama pande zote mbili za usukani, tumbo likabanwa, kasha likamgusa kisogo. Akafunga mlango kwa kishindo. Na kwa kuwa Wacera alikuwa bado anasema sitoki, akavuta mkono wa kushoto nyuma ili amnyamazishe.

Kiwiko kikagonga kasha.

Akajaribu tena. Kiwiko kikagonga mbao, ngumi ikaja bila nguvu, ikamgusa Wacera begani kama mtu anayebisha hodi. Akataka kugeuka, magoti yakakataa. Mkono wa kulia haukuweza kupita usukani. Wacera alimtazama. Miaka minne alikuwa akiuogopa mkono ule, na sasa mwenyewe alikuwa ameuziba kwa plaiwudi na bolti.

Yeye Wacera alikuwa mdogo, na hapo mdogo alikuwa na nafasi tele. Aliegemeza mgongo kwenye mlango, akainua mguu ulio mzima, akamkanyaga mumewe mbavuni kwa kisigino. Akamkanyaga tena, mara ya tatu ikampata shingoni. Kingori alinguruma, akamdaka koo kwa mkono wa kushoto, akakaza. Hilo halikuhitaji nafasi. Wacera aliona nyota. Vidole vyake vikapapasa dashibodi, vikakutana na bisibisi ambayo Khisa alikuwa ameisahau pale, na bila kufikiri akaidunga kwenye mkono ule uliomkaba, kati ya dole gumba na kiganja, ikatokea upande wa pili.

Mkono ukaachia. Kingori alitoa mlio ambao Wacera hakuwahi kuusikia kwake. Angeweza kushuka hapo. Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na Khisa alikuwa nje akiuvuta. Lakini Wacera alimrukia mumewe, akapiga magoti kitini, akaling'ata sikio la kushoto, akakaza meno hadi yakakutana. Akampiga pua kwa paji la uso. Akamwekea dole gumba jichoni akasukuma.

"Basi, Wacera! Basi! Imetosha!"

Haikuwa imetosha. Alimpiga kwa kila kofi alilokumbuka, na alikuwa akiyakumbuka yote. Kichwa cha Kingori kilikuwa kikigonga wufa zake mpya, moja ikapasuka, na Wacera akawa anacheka, au analia, mwenyewe hakujua. Ilikuwa tamu. Hilo hakulitegemea, kwamba ingekuwa tamu hivyo.

Khisa na wanaume wawili ndio waliomtoa. Kingori walimtoa upande wa pili, jicho limefunga, kipande cha sikio kinaning'inia, mkono ameukumbatia kifuani. Hakuna aliyecheka. Damu ilikuwa nyingi.

"Apelekwe hospitali," Khisa alisema. "Na huyu hawezi kuendesha."

"Mimi najua," Wacera alisema. Baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano, na kabla ya kuolewa Wacera alikuwa akimshikia zamu wakati wa mavuno, jambo ambalo Kingori alikuwa amemkataza kulitaja. Alichechemea hadi upande wa kulia, akaingia. Kwa kiti cha zamani miguu yake isingefika. Sasa ilifika.

Kingori alikuja akishikilia mlango wa kushoto.

"Panda nyuma," Wacera alimwambia. "Iko gunia."

Akapanda. Walimsaidia kuvuka ubao, akakaa chini, akajifunika gunia mabegani.

"Mama, nitoe boksi?" Khisa aliuliza dirishani. Hakuthubutu kumtazama machoni.

"Kesho nitakuletea. Boksi utoe. Kiti uache hapo hapo."

Benter aliingia kushoto na mtoto, akajikunja pale penye chaki. Warigia alikuwa amelia hadi akanyamaza. Alikuwa mzima, ana joto, kifua hakikoromi. Wacera alimtazama kwa shukrani. Akanyoosha mikono.

"Kuja, mama. Kuja kwa mama."

Mtoto alimwangalia. Kisha akafanya alichozoea kufanya kila Kingori alipoingia nyumbani amelewa: akajikunja, akaficha uso kifuani mwa Benter, akashika nguo yake kwa ngumi mbili, akapiga yowe.

"Ni damu, Mama Warigia," Benter alisema polepole. "Iko kwa mdomo yako. Pangusa tu."

Wacera alijipangusa kwa mkono wa sweta. Akajipangusa tena, akatemea kiganjani na kusugua hadi midomo ikawaka. Akajaribu kutabasamu. Yowe likazidi. Maziwa yakaanza kumtoka kwa kilio hicho, yakalowesha gauni mbele, na mtoto wa kuyanyonya hakutaka hata kumwona.

Aliinama mbele ya Benter bila kumgusa mtoto, akapandisha kioo cha kushoto hadi juu, akahakikisha hakuna upepo unaoingia. Kisha akawasha gari.